Maji Ambayo Dochka Hakuyamwaga

Siku Kalcho alipokata roho, mkewe Dochka alimwaga maji yote yaliyokuwamo nyumbani. Alianza na birika, akaja kwenye ndoo mbili za chini ya sinki, maana mwaka ule mji ulikuwa kwenye mgao na hakuna aliyekaa bila ndoo za akiba. Akamwaga beseni la kufulia, akamwaga jagi, akamwaga maji ya maua ya dirishani, hata kikombe alichotilia meno yake ya bandia. Ndivyo ifanywavyo kwetu chini ya mlima Balkan. Malaika achukuaye roho huja na kisu, na akimaliza kazi yake hukisuuza katika maji yoyote anayoyakuta ndani. Sasa maji kama hayo nani atayanywa? Basi yakamwagwa yote uani, ardhi kavu ikayafyonza papo hapo, na vyombo vikalazwa kifudifudi.

Rayna, jirani wa ghorofa ya juu, alikuwa ameshuka kusaidia kumvika marehemu suti yake. Alipoona ndoo mbili za maji safi zinamwagwa katika ukame ule alijishika mdomo. Siku ya kufa mtu hata Rayna hunyamaza.

Wote wawili hawakukumbuka tangi la choo.

Tangi lenyewe lilikuwa juu karibu na dari, la chuma kizito, na mnyororo wenye mpini wa mti ukining'inia. Kalcho alilipachika pale mwaka aliozaliwa mtoto wao, na tangu hapo hakuna mkono mwingine uliowahi kuingia ndani yake. Kalcho alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha nyuzi za sufu. Kila kitu cha tangi lile kilitoka mikononi mwake, kuanzia wenzo, kizibo cha mpira alichokikata kutoka tyubu ya baiskeli, hadi boya, lile duara linaloelea na kufunga maji tangi likijaa. Boya la Kalcho lilikuwa la shaba, bakuli mbili alizoziunga kwa lehemu mpaka zikawa kama tikiti dogo. Choo kikianza kulalamika, Kalcho alipanda ngazi, akatia mkono, kikanyamaza. Mara ngapi kwa miaka hamsini? Dochka hakuhesabu. Hiyo ilikuwa kazi ya mwanamume, kama ilivyokuwa kazi yake yeye kukanda unga.

Na Dochka hakuwa mtu wa kuingilia kazi ya mtu wala kuingiliwa yake. Shule aliisoma miaka minne, kisha mama yake akafa na vitabu vikaishia hapo. Akasimama kwenye mashine za kusokota uzi miaka thelathini na minane. Jina lake aliliandika kwa herufi kubwa, polepole, kalamu akiibana kama sindano, na karani akimwambia weka dole gumba tu mama, alimtazama hadi karani yule akaanza kupanga karatasi zisizohitaji kupangwa. Ukimwambia Dochka kwamba mvua inanyesha, alitoka nje kwanza kuthibitisha. Hakuwahi kuazima chumvi. Alikuwa na miaka sabini na minane, na mifupa yake ilimuuma, na hilo nalo hakumwambia mtu.

Kalcho alizikwa Jumatano. Karatasi yenye picha yake ikabandikwa langoni, kama ilivyo desturi. Dochka aliisoma herufi kwa herufi, kidole kikifuata, ajue kama wamekosea. Hawakukosea. Kwenye kidirisha cha jikoni akaweka glasi ya maji mapya na kipande cha mkate kwa ajili ya roho yake, maana roho haiondoki kabla ya siku ya arobaini. Huzungukazunguka nyumbani, ikiaga.

Saa kumi na mbili jioni maji ya mgao yakaja. Yalikuja kwa muda wa saa mbili tu asubuhi na saa mbili jioni, yakitanguliwa na mabomba kukohoa ukutani. Dochka alisimama na ndoo tayari, akasikia tangi linajaa kama kawaida, akangoja linyamaze.

Halikunyamaza. Maji yaliendelea kutiririka kwenye bakuli la choo, laini, bila haraka, kama mtu anayejisemea mwenyewe chumba cha pili.

Dochka akaiweka ndoo chini. Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa aliyorudi Kalcho kutoka zamu miaka yote ile. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akapita moja kwa moja kwenye korido ile, akanawa, na huku ananawa anazungumza, nusu na mkewe, nusu na sabuni.

"Umerudi," Dochka akasema. Kisha akaona haya, japo alikuwa peke yake.

Kuanzia siku ile, asubuhi na jioni, alichukua kigoda akakaa koridoni, mlango wa choo wazi, akasikiliza hadi maji yakatike. Wakati mwingine alimenya viazi. Wakati mwingine alimweleza habari za mtaani, nani kapika nini, nani kanuna. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kila siku lilimfika kooni akalimeza. Siku ile ya mwisho Kalcho alikuwa kitandani, na yeye Dochka alikuwa akimfunika, akimfunua, akimgeuzia mto, akimlisha supu kijiko juu ya kijiko, meza, meza tena, mpaka mzee akaugeuza uso ukutani na kusema, "Dochka, niache nipumue." Kwa miaka hamsini alimtunza, na leo anamwambia amwache! Akaiweka supu juu ya meza kwa kishindo, akatoka bustanini, akachuma maharage kwa hasira hadi kapu likafurika. Aliporudi, supu ilikuwa imepoa na Kalcho naye alikuwa anaanza kupoa.

Habari hiyo hakumweleza Rayna. Hakumweleza kasisi wala mwanawe.

*

Wiki ya pili Rayna alishuka, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mpishi wa shule, na sauti yake ilikuwa imezoea kumbi zenye watoto mia mbili.

"Shangazi Dochka! Nimevumilia kwa heshima ya msiba, sasa nasema. Hilo tangi lako linakunywa maji ya nyumba nzima. Juu kwangu hayapandi. Jana nimepata nusu sufuria. Nusu sufuria! Nipike au nioge?"

"Oga. Mapishi yako nayajua."

"Cheka tu. Nimuite mtu aje atazame?"

"Usiite mtu."

"Basi funga koki."

"Sifungi."

"Kwa nini hufungi?"

Dochka alitazama vidole vyake. "Baada ya arobaini," alisema. "Njoo asubuhi na ndoo zako, uchote hapa kwangu. Nitakusaidia kupandisha."

Rayna akamtazama kikongwe yule anayetaka kupandisha ndoo ngazi kumi na saba, akapanda zake. Toka siku ile alikuja na ndoo zake, na kila akija alisikia mazungumzo koridoni, na kila akiingia mazungumzo yalikoma. Rayna si mjinga. Lakini Rayna pia si mtu wa kukaa na neno tumboni, na jioni moja alimpigia simu mtoto wa Dochka, Zhivko, aliyeko Sofia.

Zhivko akapiga. Simu ilikuwa palepale koridoni, hatua mbili kutoka choo.

"Mama, hiyo ni nini nasikia? Mvua?"

"Mvua itoke wapi."

"Ni choo. Rayna ameniambia. Ameniambia pia kwamba unaongea nacho."

"Laiti Rayna angepika vizuri kama anavyosema."

"Mama." Alivuta pumzi. Zhivko alikuwa na miaka hamsini, mvi zimemjaa, lakini akizungumza na mama yake sauti ilirudi kuwa ya kijana aliyeondoka na sanduku moja, wamegombana yeye na mama yake, huku Kalcho akisema kutoka kizingitini, Dochka, mwache apumue. Hata hivyo siku ile Dochka alimkimbilia langoni na bakuli la maji, akayamwaga nyuma ya miguu yake kama anavyomwagiwa kila msafiri, safari yake iende kama maji. Hakumkumbatia. Maji aliyamwaga.

"Mama, huwezi kukaa peke yako. Mzee ndiye aliyekuwa anaishikilia nyumba hiyo. Leo choo, kesho paa, keshokutwa nakukuta chini ya ngazi. Jumamosi ya arobaini nakuja. Kumbukumbu ikiisha, unapanda gari, tunakwenda Sofia. Chumba kipo."

"Na nyumba?"

"Nyumba itafungwa."

Dochka aliishika simu kwa mikono miwili. Ghorofa ya sita, Sofia. Alilala kule mara mbili maishani mwake, akaona wanavyoishi, mtu akipiga chafya jirani anajibu afya njema kupitia ukutani.

"Na kama siku hiyo choo hakilii?" aliuliza.

"Nani atakinyamazisha?"

"Nakuuliza swali nawe unanijibu kwa swali?"

Zhivko akasema, "Nikikuta nyumba imo mikononi mwako, mama, sitasema tena. Neno langu. Lakini namtuma fundi, na utamfungulia."

*

Fundi alikuja Jumatano, siku tatu kabla ya arobaini. Jina lake Plamen, kijana mnene mwenye kucha safi kuliko zinavyopaswa kuwa kucha za fundi bomba. Alipanda ngazi ya Kalcho, akainua kifuniko cha tangi, akapiga mluzi.

"Bibi! Hili ni la kuwekwa makumbusho."

"Ulivyo wewe, ungewekwa wapi?"

Plamen akacheka, hakukasirika. Akatia mkono ndani, akatikisa kitu. "Ah. Nimeona. Boya lako limekunywa maji."

"Limefanya nini?"

"Limekunywa. Lina kitundu mahali, maji yameingia ndani yake. Sasa badala ya kuelea linazama, na likizama halifungi. Sikia." Akalitikisa tena. Kutoka ndani ya lile duara la shaba ikaja sauti ndogo ya maji yaliyofungiwa, yakigonga huku na huku.

Dochka akashika fremu ya mlango.

Maji. Yalikuwamo ndani tangu siku ile. Alimwaga birika, akamwaga ndoo, akamwaga hadi kikombe cha meno, na huku maji mengine yamekaa juu ya kichwa chake, ndani ya tangi, na ndani ya tangi ndani ya boya. Yale ya tangi yalikwisha kwenda yenyewe mara elfu, kila mnyororo ulipovutwa. Haya hayakwenda popote. Haya ni ya siku ile. Na yeye kwa siku thelathini na saba amekaa kigodani akizungumza nayo, akidhani ni Kalcho anayeaga, kumbe Kalcho hawezi kuondoka, maana maji ya siku ya kufa kwake hayajamwagwa na mkewe hakumfungulia njia.

"Bibi? Umekuwa mweupe. Kaa."

"Nimesimama vizuri."

"Basi mimi naling'oa lote hili, naweka jipya la plastiki, la chini, la kubonyeza. Hili boya nalitupa kwenye—"

"Boya halitoki humu ndani."

"Lakini bibi, limeoza, ni la—"

"Nimesema halitoki. Shuka kwenye ngazi ya mume wangu."

"Mwanao ameniambia..."

"Mwanangu yuko Sofia. Mimi niko hapa, na ufagio uko nyuma yangu."

Plamen alishuka. Mlangoni aligeuka, akakuna kichwa, akasema kwa sauti ya chini, bila mzaha safari hii, "Likitaka kuzibwa, si kwa gundi. Gundi haishiki majini. Lehemu tu. Na maji yote yatoke kwanza." Kisha akaenda. Kijana mzuri, kwa jumla. Dochka alikuwa amemtia mfukoni matunda manne ya pichi.

*

Alhamisi saa sita mchana mji mzima ulikuwa mkavu, mabomba yamelala. Kutoka kila ua ilipanda harufu ya pilipili hoho zinazochomwa kwa ajili ya chupa za majira ya baridi. Dochka alivaa koti la kazi la Kalcho, akaikunja mikono ya koti, akapanda ngazi. Vidato vinne. Kwa kila kidato alipumzika na kumlaani Rayna, asijue kwa nini Rayna.

Ndani ya tangi hakuwahi kutazama hata siku moja. Aliona wenzo umefungwa kwa waya wa shaba, umesokotwa mara saba, nadhifu, vile Kalcho alivyofunga kila kitu, hata mifuko ya mbegu. Aliona katika mshono wa boya matone madogo ya lehemu, moja hapa, moja kule, yaking'aa kama chunusi za fedha. Yalikuwa matano. Kumbe kila alipopanda na kusema tayari, alikuwa akiziba tundu jingine, na asubuhi anakwenda kazini, hakuna aliyejua. Dochka aliligusa kila tone kwa ncha ya kidole. Kisha akalifungua boya kwenye wenzo, akashuka nalo ameliweka kifuani kama mtu anavyobeba mtoto.

Sanduku la vifaa lilikuwa mahali pake. Nyundo ya shaba ya kulehemu, ile inayowekwa motoni, kipande cha bati cha kuyeyusha kiwe lehemu, na kopo la ulimbo wa msonobari wa kushikisha bati. Aliwahi kumwona Kalcho akilehemu sufuria za mtaa mzima kwenye jiko lile lile la kuni. Yeye ndiye aliyemshikia koleo. Macho yake yaliiona kazi, ingawa mikono haikuwahi kuifanya.

Alilitikisa boya juu ya taulo hadi akakiona kitundu kilipo, ubavuni mwa tone la zamani. Tone moja la maji lilichungulia pale, likakaa, halikutoka. Alitikisa tena. Akaligeuza chini juu, akalipiga kwa viganja, akalinyonya kwa mdomo akatema ladha ya chuma. Maji yalibaki ndani. Tone, kisha basi.

Sasa, mtu mwingine angetulia akafikiri. Dochka alikasirika. Akasema, sawa, hamtaki kutoka, kaeni, nitawaziba humo humo na liwalo na liwe. Akaitia nyundo motoni, akapaka ulimbo, akayeyusha bati juu ya kitundu. Bati likakaa mara moja, zuri, la kung'aa. Halafu boya likaanza kunguruma ndani kwa ndani, bati likavimba kama povu la maziwa, likapasuka, mvuke ukamrukia mkononi. Alipiga kelele. Kelele ilifika juu.

"Shangazi! Uko salama?"

"Niko!"

"Unafanya nini?"

"Napika!"

Alitia mkono katika ndoo. Ngozi juu ya kidole gumba ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu. Boya lilikuwa juu ya meza, likitoa moshi kidogo, na tundu lake sasa lilikuwa kubwa kuliko mwanzo. Dochka akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi machozi yalikaribia. Akaona gari la Zhivko, sanduku lake ndani ya gari, mlango unafungwa kwa funguo mbili. Akaona ghorofa ya sita.

Alibaki amekaa vile muda mrefu, akilitazama lile duara, na katika kulitazama akawa anamwona Kalcho kwenye meza ile ile, na sufuria ya mtu yenye mpini wa bomba lenye uwazi ndani, mdomo wake umeng'ata njiti ya kiberiti, anachukua msumari mwembamba na kuutoboa mpini ule upande wa pili. Dochka alikuwa amemwambia, watu wanakuletea vyenye tundu moja wewe unatoboa la pili? Naye akasema, bila kuinua macho, "Kitu kilichofungiwa huwezi kukiziba kwa moto, Dochka. Joto linasukuma kutoka ndani. Kiache kipumue kwanza."

Kiache kipumue. Alisema hivyo pia kuhusu unga ukiumuka. Kuhusu mtoto. Kuhusu yeye mwenyewe siku ile, na supu ile.

Dochka aliinuka, akatafuta sindano nene ya kushonea magodoro na nyundo ndogo. Hakutoboa pale mezani. Alitoka nje na boya, kichwa wazi, koti la Kalcho likimfika magotini, akaenda hadi langoni ilipokuwa karatasi yenye picha yake. Jua lilikuwa limeififisha, uso umebaki rangi ya chai. Akaligeuza boya, tundu chini, akaweka sindano juu, akapiga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu sindano ikazama.

Shaba ikavuta hewa. Ilisikika kabisa. Na chini, maji yaliyokaidi mchana kutwa yakaanza kutoka katika uzi mwembamba, ya kijani kidogo, yakishuka juu ya vumbi la njia, pale pale yalipomwagwa ya Zhivko. Hayakuwa mengi. Yangejaa glasi moja, pengine na nusu.

"Sikujua," Dochka alisema. "Nilidhani unanifukuza."

Uzi wa maji ukawa matone.

"Nilikuwa bustanini. Maharage. Sikuwa mbali."

Matone yakawa machache, kisha yakaisha. Akalitikisa boya sikioni. Lilikuwa jepesi, halina kitu ndani.

"Haya," alisema. "Njia yako iende kama maji."

Rayna alikuwa amesimama dirishani juu, anaona yote. Hadi leo hajawahi kulitania jambo hilo, na anayemfahamu Rayna anajua maana yake.

Kazi iliyobaki ilikuwa kazi tu. Boya lilikauka ukingoni mwa jiko. Kitundu cha zamani alikiziba kwanza, na hewa moto ikatokea tundu la sindano, bati halikuvimba. Akangoja lipoe kabisa, akalifunika hata kwa kitambaa chenye maji baridi. Ndipo akaziba tundu la sindano kwa mguso mmoja, haraka, kama mtu anavyobusu paji la uso. Lilikuwa tone baya, lenye mkia, kubwa mara mbili ya matone ya Kalcho. Akalizamisha ndooni na kulikandamiza kwa viganja viwili. Hakuna kiputo.

Saa kumi na mbili jioni mabomba yalikohoa. Dochka alikaa kigodani. Tangi likajaa, sauti ikipanda, ikipanda, ikawa nyembamba, ikawa mluzi, ikakatika.

Kimya kilichoingia nyumbani siku ile hakikuwahi kuwamo. Alisikia saa ya jikoni. Alisikia Rayna juu akifungua bomba na kupiga yowe la furaha. Alitaka kuuvuta mnyororo ule ili maji yaseme tena, mkono ulikwisha kwenda. Akaurudisha mapajani.

*

Jumamosi kasisi alisoma majina, watu wakala ngano iliyochemshwa, wakamwagia marehemu divai kidogo chini, wakaondoka. Zhivko hakukaa mezani. Alikwenda moja kwa moja koridoni. Dochka aliendelea kukusanya sahani, mgongo umenyooka.

Mnyororo ulivutwa. Maji yakashuka kwa kishindo, maana wageni walitumia maji ya ndoo na tangi lilikuwa limejaa tangu asubuhi, na saa ile mgao wa jioni ulikuwa umekwisha kuanza. Likaanza kujaa. Zhivko alisimama chini yake, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande, kama alivyosimama baba yake. Likanyamaza. Aliendelea kusimama.

Kisha akaleta ngazi, akapanda, akainua kifuniko. Akapitisha kidole kwenye mshono wa boya.

"Hili tone lenye mkia," alisema hatimaye, "si la mzee."

"Si la mzee."

"Plamen?"

Dochka alimwonyesha mkono wake, kidole gumba chenye kovu jekundu. Zhivko alishuka, akaushika mkono ule, akaugeuza kwenye mwanga. Mara ya mwisho kumshika mama yake mkono hakuikumbuka.

"Paa nalo," alisema, bila kuuachia mkono ule, "la paa utaniita mimi."

"Nitaona."

"Mama."

"Nimesema nitaona. Niache nipumue."

Alitaka kuwa mkali, lakini neno lilipomtoka alisikia ni la nani, akageuka kuangalia dirisha.

Kabla ya giza, Zhivko alipowasha gari, Dochka alitoka na bakuli la maji akayamwaga nyuma ya magurudumu. Akangoja vumbi litue. Kisha akarudi jikoni, akaichukua glasi ya maji iliyokaa kidirishani siku arobaini ikibadilishwa kila asubuhi, na kile kipande cha mkate. Mkate aliwapa ndege. Maji aliyamimina kwenye maua. Glasi aliiosha, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akairudisha kabatini pamoja na nyingine, mdomo juu.